Wiki Tano za Kutazama Mawe

Kila mgeni aliyeingia sebuleni kwangu Ibra, Oman, jicho lake lilikwenda kwenye kioo kabla hata kahawa haijamiminwa. Tangi lina urefu wa sentimita 120 na linabeba lita 240. Maji yalikuwa yakizunguka, mchanga mweupe umetulia chini, mawe yamepangwa mfano wa mapango, taa imezimwa. Mgeni aliinama, akazunguka upande wa pili, akachungulia nyuma ya mawe. Kisha lile swali.

"Samaki wako wapi?"

"Bado."

"Umeagiza?"

"Sijaagiza. Kwanza nafuga bakteria."

Hapo mgeni alirudi kukaa, akachukua tende, akabadilisha mazungumzo kwa adabu, kama mtu aliyegusa bila kukusudia habari za ugonjwa wa nyumba ya watu. Mama yangu hakuwa na adabu hiyo. Yeye alizaliwa Unguja na alikuja huku akiwa msichana mkubwa, na samaki anamjua. Aliponiona nikitumbukiza ndani ya maji kamba mmoja mbichi, aliyefungwa kwenye kipande cha wavu ili aoze humo humo, alisimama mlangoni akanitazama kwa muda.

"Mwanangu, watu hutia samaki mzima. Wewe unatia kamba maiti?"

"Ndiye chakula chao, mama."

"Chakula cha nani?"

Swali la haki, na jibu lake ndilo lililonigharimu tangi la kwanza. Miaka miwili nyuma wanangu walirudi kutoka ile akwariamu kubwa ya Mall of Muscat wakiwa hawana jingine la kusema. Nikaenda kwa muuzaji mmoja, simtaji, nikanunua vyote siku moja: kioo cha lita 60, mfuko wa chumvi, mchanga, pampu ndogo, na samaki watano wa rangi. Akaniambia maji yakiwa meupe samaki hawana neno. Usiku wa tatu samaki walikuwa juu, midomo nje ya maji, wakihema. Siku ya saba nilimzika wa mwisho chini ya mtende. Maji yalikuwa meupe vilevile. Ungeweza kusomea gazeti ng'ambo ya pili.

Sumu iliyowaua haina rangi. Samaki anapopumua hutoa amonia kupitia matamvua yake, na chakula kinachobaki chini kikioza huongeza nyingine. Baharini amonia hiyo humezwa mara moja, kwa kuwa maji ni mengi na walaji ni wengi. Kwenye tangi jipya hakuna mlaji hata mmoja. Tena maji ya chumvi yana ubaya wake: pH yake hukaa karibu 8.2, na kwa pH hiyo, pamoja na joto la matumbawe, sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika umbo linalopenya mwilini mwa samaki. Kiasi ambacho samaki wa maji matamu angekivumilia kinaweza kummaliza wa bahari.

Walaji tunaowangoja ni makundi mawili. La kwanza hula amonia na kuacha nitriti. La pili hula nitriti na kuacha nitrati, ambayo ikiwa kidogo haimdhuru mtu, na mwani huipenda. Nitriti na nitrati zinatofautiana kwa herufi moja tu, na nimeshaona watu wazima wakinunua kipimo cha moja wakidhani wamenunua cha nyingine. Nitriti inaogopwa sana na wafugaji wa samaki wa maji matamu. Kwenye maji ya bahari makali yake hupungua, kwa sababu kloridi iliyojaa humo huizuia isiingie kwa urahisi kwenye matamvua. Lakini bado ni ishara kwamba kazi haijakwisha.

Tatizo ni kwamba walaji hawa ni wazito wa kuzaana. Bakteria wa tumboni wakipata chakula na joto hujigawa kila dakika 20. Hawa wetu huchukua nusu siku, siku nzima, au zaidi. Ndiyo maana wiki tano. Kuna chupa za bakteria madukani zinazosaidia kuanza, na mimi nilitia moja, lakini chupa yangu haikuzifanya wiki tano kuwa moja.

Viumbe hawa wana hadithi ya kupendeza. Mwaka 1890 Mrusi Sergei Winogradsky, akifanya kazi Zürich, ndiye aliyefanikiwa kuwatenga na kuonyesha kwamba wanaishi kwa kula amonia kama sisi tunavyoishi kwa wali. Kwa zaidi ya miaka 100 watu wakaamini kazi hiyo ni ya bakteria peke yao. Kisha mwaka 2005 wanasayansi wakatangaza kiumbe wa ukoo mwingine kabisa, ukoo wa arkea, anayefanya kazi ileile. Wakamwita Nitrosopumilus maritimus. Baadaye ikaonekana jamaa zake wamejaa katika bahari zote za dunia. Na walimpata wapi? Kwenye kokoto za tangi la samaki wa bahari ya joto, katika akwariamu ya Seattle. Nilipomsimulia mama, alisema basi na mimi nichunguze kokoto zangu.

Sasa habari ya maji, kwa sababu hapo ndipo pande zetu za Sharqiyah zinapokuwa na vituko vyake.

Nina sahibu yangu Sur, upande wa Al Ayjah, ng'ambo ya khor, ule mkono wa bahari. Nyumba yake iko karibu na maji kiasi kwamba mashua zikirudi alfajiri anazisikia kitandani. Watu wa Sur na bahari hawahitaji kutambulishwa. Ganja, jahazi la Fatah al-Khair, lililoundwa hapo hapo mwaka 1951, bado limesimama nchi kavu kwa watoto kulitazama, na wazee wao ndio waliokuwa wakiteremka na kaskazi hadi Lamu na Unguja na kurudi na kusi wamejaza boriti. Sahibu huyu aliponisikia nanunua chumvi ya bahari kwa ndoo alicheka hadi akakaa chini. "Wewe unanunua bahari?" Yeye alichukua madumu sita, akayajaza ukingoni mwa khor, akayamimina tangini siku hiyo hiyo.

Ilimchukua miezi kufahamu amemimina nini. Maji ya ukingoni mwa bandari yana mafuta ya injini, yana yaliyoteremshwa na wadi, mto wa msimu, mvua ikinyesha, na yana maelfu ya vijidudu hai ambavyo vikifungiwa gizani ndani ya dumu hufa na kuoza, vikawa amonia ileile tunayoikimbia. Tena bahari ya Oman ina siku zake. Mwishoni mwa 2008 na kuingia 2009 maji ya pwani hizi yaligeuka mekundu kwa mwani wenye sumu. Samaki wakaelea, matumbawe yakafa, na baadhi ya mitambo ya kuondoa chumvi ikasimamishwa kwa sababu vichujio vyake viliziba. Mwaka mmoja na nusu kabla yake, Juni 2007, kimbunga Gonu kilikuwa kimepiga pwani hii na kuvunja matumbawe mengi. Anayechota maji bila kupima huchota na habari za wiki hiyo.

Sisemi maji ya bahari hayafai. Baadhi ya akwariamu kubwa za dunia huyatumia. Lakini huyavuta mbali na ukingo na kuyachuja, ndipo huyatumia. Mtu mwenye madumu sita na gari la kuazima hafanyi hayo.

Mimi wa Ibra, umbali wa kama saa mbili kwa gari kutoka Sur, sikuwa na njia ya mkato. Ilinibidi niitengeneze bahari kutoka mwanzo, na nadhani hiyo ndiyo bahati yangu. Maji ya mfereji tunayotumia huku ni maji ya bahari ya Sur: yanavutwa kutoka visima vilivyochimbwa ufukweni, yanasukumwa kwenye mitambo ya kuondoa chumvi, yanarudishiwa madini kidogo na kutiwa klorini, kisha yanapandishwa kwa mabomba kupita Al Kamil na Bidiyah, mchanga wa Wahiba ukiwa upande mmoja. Yakifika nyumbani nayapitisha tena kwenye mashine ndogo ya kuchuja, yenye kichujio cha takataka, cha makaa, utando wa osmosisi, na mwishoni chembechembe za kunasa madini yaliyopenya, hadi kipimo kisome sifuri. Halafu natia chumvi. Serikali imetumia mamilioni kuitoa chumvi, mimi nairudisha kwa kikombe.

Chumvi yenyewe si ya jikoni. Chumvi ya mezani ni sodiamu na kloridi. Hizo ni kama asilimia 85 ya chumvi ya bahari, na matumbawe yanaishi kwa hiyo 15 iliyobaki: magnesiamu, salfa, kalsiamu, potasiamu na vingine vidogo vidogo. Ndoo ya kilo 20 hutoa lita 550 hivi za maji ya gramu 35 kwa lita. Nachanganya kwenye pipa la plastiki, si ndani ya tangi, pampu ikikoroga usiku kucha, na asubuhi natia tone moja kwenye refraktomita na kuielekeza dirishani. Mstari wa buluu unapokata kwenye 35 ndipo naridhika. Bahari yetu hapa Oman ni kali kidogo kuliko hiyo, hufika 36 au 37, lakini matumbawe ya madukani yamezoea 35.

Binamu yangu wa Nizwa alikwenda njia ya tatu. Yeye ana bustani, na bustani ina zamu ya falaj, mfereji wa kale wa kumwagilia. Falaj za Oman zina heshima yake. Tano kati yake, ikiwemo Daris ya Nizwa, ziliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, na zamani zamu za maji zilipimwa kwa kivuli mchana na kwa nyota usiku, kipande cha nusu saa kikiitwa athar. Kwa hiyo aliposema maji ya falaj ndiyo maji safi kuliko yote, nani angembishia? Akayatia chumvi akayamimina. Maji yaliyotembea ndani ya mlima wa chokaa na kukatiza mashamba hubeba madini na mbolea. Kwa mtende ni neema. Kwa tangi, ndani ya mwezi mmoja mawe yake yote yalikuwa na nywele za kijani ndefu kama ndevu za mbuzi wa soko la Ijumaa.

Kwa hiyo nikiulizwa nani kati yetu watatu alikuwa na nafasi nzuri, nasema ni yule aliye mbali na bahari na asiye na falaj.

Joto ni mtihani mwingine. Matumbawe yanataka nyuzi 25 au 26, na Ibra kiangazi hupita 45 nje ya dirisha. Pampu na taa nazo hutia joto lao. Kuna mashine za kupoza maji, bei yake inaumiza, na zinatoa hewa moto chumbani ambayo kiyoyozi inabidi kiishughulikie. Nikakumbuka jahla. Wanaojua vyungu vya Bahla wanajua namna mtungi wa udongo unavyoning'inizwa mahali penye upepo, ukatoka jasho, na maji ndani yakawa baridi bila umeme. Maji yanayokauka huondoka na joto. Nikafunga vipangaboi viwili vidogo vya kompyuta juu ya tangi, vikipuliza uso wa maji, na joto likashuka nyuzi tatu. Sahibu wa Sur akaiga, na kwake halikushuka hata moja. Hewa ya Sur mwezi wa Julai imeshalewa maji, haina nafasi ya kunywa mengine. Hewa ya bara ni kavu, inakunywa kila tone. Hiyo ni pointi ya pili kwetu watu wa bara.

Lakini bara hutoza ushuru wake. Kwa vipangaboi vile tangi langu hupoteza karibu lita saba kwa siku. Chumvi haikauki, hubaki. Wiki ya pili, kwa uvivu, nilijazia kwa maji ya chumvi yaliyokuwa tayari kwenye pipa, na baada ya siku nne refraktomita ikasoma karibu 40. Tangu hapo najazia kwa maji matupu yaliyochujwa, na nimeweka boya dogo linaloamuru pampu ijazie yenyewe. Kijana anayeanza ningemwambia anunue boya hilo kabla ya kununua taa ya kifahari. Na waya zake azipinde zishuke chini ya soketi kwanza kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji likiteleza kwenye waya lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye umeme.

Nije kwenye mawe, maana ndiyo nyumba ya bakteria. Zamani wafugaji wa samaki wa bahari waliweka matumbawe yaliyokufa, yamechemshwa na kung'arishwa kama mifupa, na kila wiki waliyatoa kuyaosha. Mwaka 1961 mtu mmoja wa Jakarta, Lee Chin Eng, aliandika kwamba yeye haoshi kitu. Alikuwa akiweka mawe mazima ya baharini pamoja na vilivyomo, akapuliza hewa kidogo, na matumbawe yakaishi. Baadaye Wajerumani wakaongeza taa kali na kichujio cha povu, na huko ndiko ufugaji wa leo ulikotoka. Siri iko kwenye vitundu vya jiwe. Juu kuna oksijeni na walaji wa amonia. Ndani kabisa, ambako oksijeni haifiki, kuna wengine wanaoivunja nitrati ikawa gesi na kupotea hewani.

Sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki jiwe hilo tunalijua kwa upande wake mwingine. Kuta za Mji Mkongwe ni matumbawe ya kale yaliyokatwa, yaliyounganishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe mengine. Nilipofungua sanduku la mawe makavu niliyoagiza, mama alichukua moja, akalipitisha kidole kwenye vitundu. "Hili ni la ukuta," alisema. "Nyumba yetu ilikuwa ya hili." Na kweli.

Nilichukua mawe makavu kwa makusudi. Sheria ya Oman ya hifadhi za asili na viumbe pori, iliyotolewa kwa amri ya kifalme namba 6 ya mwaka 2003, haikuachii uende Ras al Hadd na nyundo. Matumbawe magumu yako pia kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo hata kuyapitisha mpakani kunataka hati. Ukimwona mtu anauza "mawe ya hapa hapa" kwa bei ya chini, muulize karatasi. Jiwe kavu la kuagiza halikupeleki baharini na nyundo, wala halileti wadudu wasioalikwa. Ila ni jumba tupu, na wapangaji inabidi uwangoje.

Ndivyo nilivyongoja. Vipimo ni vya matone: unajaza kichupa maji ya tangi, unatia matone, unatikisa, unangoja dakika tano, unalinganisha rangi na kadi. Siku ya nne rangi ya njano ya amonia iligeuka kijani. Siku ya saba kijani cha mwani mbichi, miligramu mbili kwa lita, na kamba wa mama alikuwa amebaki gamba. Sebule ilinuka. Siku ya kumi na moja, kwa mara ya kwanza, kipimo cha nitriti kikaonyesha rangi. Nilimwita mke wangu kuja kuona. Alikuja na mwiko mkononi, akatazama kichupa, akarudi jikoni bila neno.

Wiki ya tatu amonia ilianguka hadi sifuri na nitriti ikapanda kupita mwisho wa kadi. Mchanga ukafunikwa na utando wa kahawia, kana kwamba mtu amemwaga kahawa ya jana. Huo ni mwani wa silika, hutokea karibu kila tangi jipya, hula silika iliyomo na kisha huondoka wenyewe tu. Wengi hukata tamaa hapo, huvunja kila kitu na kuosha, wakaanza upya na bakteria sifuri. Mimi nilikaa na mikono mfukoni. Wiki ya tano nitriti ilishuka sifuri na nitrati ikasoma 40.

Hapo kuna mtihani mmoja wa mwisho, na huu usiurukwe. Nilitia dawa ya amonia safi, kloridi ya amoniamu isiyo na sabuni wala manukato, kiasi cha kurudisha maji kwenye miligramu mbili. Baada ya saa 24 nikapima. Njano, sifuri. Nitriti, sifuri. Maana yake walaji walikuwa wengi kiasi cha kumaliza uchafu wa siku nzima ndani ya siku hiyo. Nikabadilisha nusu ya maji ili kupunguza nitrati, nikawasha taa, nikatia konokono kumi na kaa wadogo watano wa kusafisha. Wiki iliyofuata wakaingia samaki wawili.

Ni wale wa machungwa na mistari myeupe ambao tangu filamu ya 2003 hakuna mtoto asiyewaita Nemo. Wangu wamezaliwa kwenye mashamba ya samaki, hawajawahi kuiona bahari. Oman ina wake: Amphiprion omanensis, aliyepewa jina na wanasayansi mwaka 1991, mwenye mkia uliogawanyika, anayeishi pande za Masirah hadi Dhofar na hapatikani mahali pengine duniani. Huyo nimeamua abaki kwao. Jambo ambalo filamu haikuwaambia watoto ni kwamba samaki hawa wote huzaliwa madume, na mkubwa wa nyumba hugeuka jike. Wangu wameshaamua. Mmoja amenenepa na mwingine anatetemeka mbele yake kama mfungwa anayeomba msamaha.

Kwa matumbawe nimeanza na yale laini: ngozi moja, uyoga wa bahari wawili, na kundi la vifungo vya rangi. Hivyo vifungo navishika kwa glavu na miwani. Baadhi yake hubeba palitoksini, miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazotoka kwa viumbe, na imetokea huko duniani familia nzima kupelekwa hospitali kwa sababu mtu alichemsha jiwe lenye vifungo hivyo ili kulisafisha, mvuke ukajaa nyumbani. Jiwe la tangi halichemshwi. Hili nalisema kwa sauti kubwa kwa kuwa kuchemsha ndilo wazo la kwanza la kila mtu msafi.

Wiki ya nane nilifunga kichujio cha povu, bomba refu linalopuliza viputo vidogo mno hadi uchafu unang'ang'ania viputo hivyo na kupanda kwenye kikombe juu, rangi ya chai ya rangi. Asubuhi nilikitoa kukimwaga. Mama alikuwa amekaa na tasbihi yake. Harufu ilipomfikia aliacha kuhesabu.

"Lete hapa."

"Mama, inanuka."

"Nimesema lete."

Akanusa. "Maji kupwa," akasema. "Bamvua, maji yamekwenda mbali, wanawake wanatafuta chaza." Akanirudishia kikombe, akaendelea na tasbihi.

Leo ni wiki ya kumi na nne. Chumvi 35, joto 25.6, nitrati 8. Mwani wa waridi, ule unaopaka mawe kama rangi ya kucha, umeanza kutokea kwenye pembe ya jiwe la kushoto. Mwezi wa Agosti familia inataka kwenda Salalah kwa khareef, msimu wa manyunyu, kama nusu ya Oman, na hapo sijui nani atabaki kuangalia kiyoyozi. Wasiokuwa na mtu wa kubaki, afadhali waanze tangi lao Oktoba. Matumbawe magumu sijanunua. Yanataka kalsiamu na alkalini zisizoyumba kwa miezi, na zangu bado zinayumba kidogo. Nitayanunua joto likishavunjika. Mgeni akiuliza yako wapi, nitamwambia bado.